Ombi la Mteja Lisilale Mfukoni

Simu ya mkononi siku hizi ni kaunta ya duka, dirisha la posta na meza ya karani kwa wakati mmoja. Mwaka 1995, kampuni ya Celtel ilipoanza kutoa huduma ya simu za mkononi nchini Uganda, chombo hicho kilikuwa cha watu wachache wenye uwezo. Mwaka 1998 ikaja kampuni ya MTN, na mwezi Machi 2009 kampuni hiyo ikaanzisha huduma ya kutuma pesa kwa simu, miaka miwili baada ya M-Pesa kuanza katika nchi jirani ya Kenya. Leo fundi wa umeme, mshonaji wa nguo, muuza maziwa, wakala wa pesa na hata karani wa chama cha akiba na mikopo, wote hupokea shida za wateja wao kwa simu ile ile wanayopigiwa na mama zao wazazi.

Jambo hilo lina faida nyingi, wala hakuna anayetaka kurudi nyuma. Hata hivyo yafaa wananchi watafakari tofauti iliyopo. Dirisha la posta lilikuwa na saa zake za kufunguliwa na kufungwa. Mteja aliyefika dirishani alipewa stakabadhi, na karani alipokwenda likizo, karani mwingine aliketi pale pale na kuendelea na kazi kwa kusoma daftari lile lile. Simu ya mfukoni haina saa, haitoi stakabadhi, na mwenyewe akiondoka huondoka nayo. Kwa hiyo ombi la mteja lililoingia humo huweza kulala usiku mmoja, wiki moja, au milele, na asiwepo mtu wa pili mwenye habari nalo.

KWA NINI MTEJA HUMPIGIA MTU

Mteja hastahili kulaumiwa kwa kupenda kumpigia mtu anayemfahamu. Akiipigia kampuni, aghalabu hukaribishwa na muziki, kisha huambiwa abonyeze namba hii au ile kabla ya kusikia sauti ya binadamu. Akimpigia fundi aliyemfungia mita, huitikiwa kwa jina lake. Kwa jamaa za askari, ambazo huhamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, namba ya mtu mwaminifu ni hazina. Mama aliyefika Gulu akitokea Mbarara hajui ofisi iko mtaa gani, lakini jirani yake mpya humpa namba ya "yule kijana wa maji," na shida huisha.

Mtoa huduma naye ana sababu zake. Mwenye kibanda kando ya lango la kambi huhesabu kila simu kuwa ni mkate wa watoto. Akiacha kupokea, mteja ataenda kibanda cha pili. Basi huandika namba yake binafsi ukutani kwa rangi, naye hufurahi anapoona inalia. Furaha hiyo ni halali. Matatizo huanza pale wateja wanapokuwa wengi kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja.

PESA ILIYOPOTEA NJIA

Tuchukue mfano mmoja ambao kila kaya inaweza kuuelewa. Askari aliye kazini mbali anamtumia mkewe shilingi 200,000 za karo ya watoto. Anakosea tarakimu moja, na pesa zinakwenda kwa mtu asiyemjua. Kwa hofu anampigia wakala aliyemzoea, kwa namba yake binafsi. Wakala yuko sokoni, kelele ni nyingi, naye kwa moyo mwema anajibu, "Usijali afande, nitashughulikia jioni."

Moyo huo mwema ndio unaoleta hasara. Wakala hana uwezo wowote wa kuzichota pesa kutoka simu ya mtu mwingine. Mwenye uwezo wa kuzizuia ni kampuni ya simu, nayo hufaulu ikiwa tu mpokeaji hajazitoa. Kila dakika inayopita ni nafasi ya pesa kutoweka. Ikifika jioni, karo imekwisha kuliwa na mtu asiye na mtoto shuleni.

Jibu lililofaa lilikuwa fupi: "Afande, mimi siwezi kuzirudisha. Pigia sasa hivi huduma kwa wateja ya kampuni, uwasomee namba ya muamala iliyo katika ujumbe wako." Maneno hayo hayachukui nusu dakika. Hapa ndipo lilipo somo la kwanza kwa kila apokeaye maombi ya wateja kwa simu yake: ajue mapema ni shida zipi zimo katika uwezo wake na zipi hazimo. Shida isiyo ya kwake aielekeze pale pale inakostahili. Kumwambia mteja ukweli usiopendeza ni huduma. Kumliwaza kwa ahadi tupu ni kumchelewesha. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni la namna hii hulipwa na mteja.

Wenye kutuma pesa nao wakumbuke kusoma jina linaloonekana katika simu kabla ya kubonyeza namba ya siri. Jina likiwa geni, wasitishe.

MWIZI HUINGIA KWA MLANGO ULE ULE

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani upesi. Mtoa huduma mwaminifu anapomzoeza mteja kuhudumiwa kwa namba yoyote ya mtu binafsi, humfundisha pasipo kujua kwamba namba ngeni si jambo la kutilia shaka. Leo fundi anampigia kwa laini hii, kesho kwa laini ya rafiki yake kwa kuwa chaji imekwisha, keshokutwa kwa laini mpya. Mteja huzoea. Siku moja hupiga mtu mwenye sauti ya upole, akasema, "Mimi ni wa huduma kwa wateja. Akaunti yako ina hitilafu, nitajie namba yako ya siri tuirekebishe." Mteja aliyezoea hivyo atatofautishaje mwizi na mfanyakazi?

Kwa sababu hiyo namba ya kazi haina budi kuwa moja, ijulikane, na isibadilishwe ovyo. Kadhalika kila mwenye kutoa huduma awaambie wateja wake, tena na tena, kwamba hatawauliza namba ya siri kamwe. Hakuna ombi la mteja, liwe dogo au kubwa, ambalo mtoa huduma mwaminifu huhitaji namba ya siri ili kulitatua. Mama wa nyumbani akilijua hilo na kuwafundisha watoto wenye kushika simu, mlango mkubwa wa wezi utakuwa umefungwa.

LINDO HALIACHWI BILA KUKABIDHIWA

Wasomaji walio askari hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno mengi, kwa kuwa kazi yao imejengwa juu yake. Mlinzi haondoki lindoni kabla ya mwenzake kufika, kuelezwa yaliyotokea na kukabidhiwa vilivyopo. Katika kituo cha polisi kila taarifa ya raia huandikwa katika daftari la matukio, ikapewa namba yake. Askari aliyeipokea huweza kuhamishwa, kuugua, au kwenda masomoni, lakini taarifa hubaki kituoni.

Sasa raia akimtumia askari anayemfahamu ujumbe saa sita za usiku kwamba nyumba ya jirani inavunjwa, naye askari huyo amelala baada ya zamu ndefu, taarifa hiyo imefika kwa polisi au haijafika? Raia ataapa kwamba ameripoti. Kituo kitaapa kwamba hakijapata habari. Wote wawili watakuwa wanasema kweli, na nyumba itakuwa imekwisha kuvunjwa. Ndiyo maana nchini Uganda ziko namba za dharura 999 na 112, ambazo hupokelewa na walio zamu. Askari anayepokea taarifa kwa simu yake binafsi ana wajibu wa kumwelekeza raia huko mara moja, na kuhakikisha mwenyewe kwamba taarifa imeandikwa kituoni.

Makampuni nayo hubadilika kama walinzi wanavyobadilishana zamu. Tarehe 1 Aprili 2025 kampuni ya serikali ya UEDCL ilipokea kazi ya kugawa umeme nchini Uganda kutoka kampuni ya Umeme, iliyoifanya kazi hiyo tangu mwaka 2005. Katika mabadiliko makubwa kama hayo, mteja ambaye lalamiko lake liliandikwa na kupewa namba ana cha kuonyesha kwa anayekuja. Mteja ambaye lalamiko lake lilikuwa maneno tu katika simu ya fundi fulani hana budi kuanza upya.

FUNZO KUTOKA MAREKANI

Isidhaniwe kwamba tatizo hili ni la vibanda vidogo na nchi changa pekee. Hata mabenki makubwa ya Marekani yameadhibiwa kwa ajili yake. Sheria za nchi hiyo huyalazimisha makampuni yanayouza na kununua hisa yahifadhi mawasiliano yote ya biashara. Wafanyakazi wa J.P. Morgan Securities, wakiwemo wakubwa, walikuwa wakizungumza mambo ya kazi kwa simu zao binafsi, kwa ujumbe mfupi na kwa WhatsApp, na mazungumzo hayo hayakuhifadhiwa. Mwezi Desemba 2021 wasimamizi wa masoko ya fedha waliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 125, na wasimamizi wa masoko ya bidhaa wakaitoza benki hiyo dola milioni 75 nyingine kwa kosa hilo hilo.

Haikuwa lazima iibwe senti moja ili kosa litimie. Kosa lilikuwa kwamba maneno ya kazi yalikaa mahali ambapo kazi yenyewe haikuweza kuyafikia. Mwenye kibanda hatatozwa mamilioni ya dola, lakini kanuni ni moja: maneno yahusuyo kazi ni mali ya kazi. Mswahili alilisema zamani kwa kifupi: mali bila daftari hupotea bila habari.

UTARATIBU WA DUKANI NA NYUMBANI

Dawa ya tatizo hili haina gharama kubwa. Jambo la kwanza ni kutenga laini ya kazi na laini ya nyumbani. Simu nyingi zinazouzwa katika Afrika Mashariki huchukua laini mbili, kwa hiyo hapana haja ya kununua simu ya pili. Laini ya kazi ndiyo iandikwe ukutani, katika stakabadhi na katika matangazo. Laini ya nyumbani ibaki ya jamaa na marafiki.

Jambo la pili ni daftari. Daftari la shule la kurasa 96 latosha kwa kuanzia. Lichorwe mistari ya kutenga nafasi saba: tarehe na saa, jina la mteja, namba yake, shida yake kwa maneno machache, aliyeipokea, hatua iliyochukuliwa, na siku shida ilipokwisha. Kila ombi linaloingia kwa simu, liwe la sauti au la ujumbe, liingizwe daftarini kabla ya jua kuchwa. Nafasi ya mwisho isipojazwa, jicho huiona haraka, na anayefungua daftari asubuhi hujua pa kuanzia.

Jambo la tatu ni kumjulisha mteja kwamba ombi lake limepokewa. Wateja wengi hupiga simu mara tano kwa sababu mara ya kwanza hawakuambiwa lolote. Ujumbe mmoja watosha: "Nimeipata shida yako ya mita, nimeiandika namba 14, nitakujibu kesho kabla ya saa sita mchana." Namba hiyo ni ile ya mstari wa daftari. Mteja aliyepewa namba na saa hutulia, na wakati ule akipiga mtu mwingine dukani, huyo mwingine hufungua daftari akasoma.

Wenye kutumia WhatsApp wana msaada zaidi. Tangu Januari 2018 iko programu ya WhatsApp Business, iliyotengenezwa kwa ajili ya biashara ndogo. Huweza kumsalimu mteja yenyewe, kumweleza saa za kazi duka likiwa limefungwa, na kuhifadhi majibu ya maswali yanayorudiwa kila siku. Mashine hiyo ni msaidizi tu. Daftari lisiachwe kwa sababu yake, kwani simu huibwa, huanguka majini, na huharibika.

Jambo la nne ni kumrudisha kwa upole mteja anayeendelea kupiga namba ya nyumbani. Asifokewe, wala asinyamaziwe hata akaudhika. Aambiwe, "Ndugu yangu, ombi lako nimelisikia na nitaliandika. Wakati mwingine tumia namba ya kazi, maana hata nisipokuwepo utampata mwenzangu." Akipewa sababu yenye faida kwake mwenyewe, ataifuata. Mfanyakazi wa kampuni yenye kituo chake cha simu afanye vivyo hivyo. Shirika la Taifa la Maji la Uganda, lililoundwa mwaka 1972, lina namba ambayo mteja huipiga pasipo kutozwa. Msoma mita mwenye busara humwandikia mteja namba hiyo kabla ya kuondoka mlangoni.

Jambo la tano ni makabidhiano. Mwenye kibanda akisafiri kwenda matangani, amwachie msaidizi daftari na laini ya kazi, wasome pamoja maombi ambayo hayajakwisha, ndipo aondoke.

SAA ZA KUPUMZIKA

Simu ya kazi inayolia usiku haimchoshi mwenyewe peke yake. Watoto huamka, chakula hupoa, na kutoelewana huingia. Mama anayefanya biashara hupokea ujumbe saa nne za usiku kutoka kwa mwanamume asiyejulikana nyumbani, na mumewe, aliyerudi likizo kwa siku chache, huuliza ni nani huyo. Mteja alitaka tu kujua kama floti ipo. Lakini ugomvi umekwisha kuingia, na siku za likizo zimepungua kwa moja. Laini mbili na daftari lililo wazi mezani, ambalo kila mtu wa nyumba anaweza kulisoma, huondoa mashaka mengi ya namna hiyo.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku ya mapumziko ya saa 24 mfululizo katika wiki, na inaweka kikomo cha saa 48 za kazi kwa wiki kwa kawaida. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, inayataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yajadiliane nao juu ya haki ya kutoshughulika na simu na barua za kazi baada ya saa za kazi. Ureno nayo, kwa sheria ya mwaka 2021, ilimkataza mwajiri kumsumbua mfanyakazi katika muda wake wa mapumziko, isipokuwa jambo lisiloepukika.

Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumshtaki. Ni lazima ajiwekee sheria mwenyewe. Atangaze saa zake, kwa mfano saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, kisha azishike. Aeleze pia ni jambo gani litakaloamshwa usiku. Waya wa umeme ulioanguka njiani ni dharura. Bei ya gauni si dharura. Mteja akizoezwa tofauti hiyo, ataiheshimu.

SIRI ZA WATEJA

Hatimaye iko amana ya siri. Simu ya mtoa huduma hujaa majina, picha za vitambulisho, namba za akaunti na habari za nyumba za watu. Simu hiyo hiyo huchezewa na mtoto, huazimwa na shemeji, na hupelekwa kwa fundi kutengenezwa kioo. Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, iliyoanza kutumika mwaka 2019, nayo humtaka anayekusanya habari za watu azilinde na azitumie kwa kazi iliyokusudiwa tu. Kenya nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka huo huo, na Tanzania mwaka 2022.

Katika maisha ya kila siku wajibu huo si mgumu. Simu ifungwe kwa namba ya siri. Picha ya kitambulisho ifutwe kazi inapokwisha. Daftari litiwe kabatini duka linapofungwa. Shida ya mteja isigeuzwe mazungumzo ya kisimani, kwani kambi ni ndogo, na neno lililotoka asubuhi mlango wa kwanza huwa limefika mlango wa mwisho kabla ya adhuhuri.

Kila mwenye kuhudumia wananchi, awe na duka kubwa au meza moja chini ya mwavuli, yampasa ajiulize swali moja anapokwenda kulala: je, kesho akiamka mgonjwa na simu yake ikiwa imezimika, nani atajua ni wateja gani wanaomngojea? Akiwa na jibu, kazi yake ina msingi. Asipokuwa nalo, na aanze kesho kwa daftari moja na kalamu moja.